Herufi Moja Kwenye Kitufe cha Dua

Kaka Lusajo mpendwa,

Mkono wako wa kulia haujambo? Nauliza mkono kwanza kwa sababu wewe mwenyewe nilikuona kwa macho yangu wiki tatu zilizopita, mzima kabisa, mpaka vijana wa ukoo wetu walipokupasua kipaji cha uso kwa jiwe. Mkono sikuuona. Ulikuwa mfukoni mwa koti lako la bluu tangu ulipotokea migombani hadi ulipoondoka, na mimi niliyekaa nyuma ya kinanda pale makaburini nikajua kwamba vidole havijanyooka hadi leo.

Barua hii siifungi kwenye bahasha. Kwanza sijui unakaa wapi. Wengine wanasema Tunduma, wengine wanasema ulishavuka mpaka. Namba yako ya zamani inapokelewa na mama mmoja mkali ambaye amechoka kunisikia nikiomba radhi. Pili, na hili ndilo lenyewe, uongo uliokufukuza nyumbani ulisemwa mbele za watu, kwa hiyo na ukweli utasemwa mbele za watu. Jumapili nitaisoma kanisani nikiwa nimesimama pembeni ya kinanda. Nikimaliza nitaituma kwenye kundi la simu la ukoo, waisome wote, baba mdogo Asegelile akiwa wa kwanza. Asiyependa aje aniambie usoni. Hasira zangu unazijua.

Unakumbuka siku kinanda kilipoletwa? Tata, baba yetu, alikinunua dukani kwa Mzee Sadiki pale Tukuyu, kimeshatumika, akakifunga kwa shuka la mama na kukipandisha kwenye pikipiki. Wewe ulikaa nyuma umekikumbatia kutoka Tukuyu mpaka hapa Kinyala, na mvua ikawanyeshea njia nzima. Mlifika mmelowa chapachapa, kinanda kikavu. Tukakiweka juu ya meza ya sebuleni, mimi na wewe tukaanza kusoma vitufe kimoja kimoja. Vingi vilikuwa vimefutika kwa vidole vya wenyewe wa kwanza. Ulipofika kwenye kile cha pembeni, chenye kitaa chekundu, ukakaza macho, ukaniita kwa jina.

"Tumpe, hapa wameandika DUA."

Tata akaja, akavaa miwani, akasoma herufi kwa sauti. Di. Yu. Ei. Akasema, "Bonyeza."

Ukabonyeza, ukashika kodi moja, noti kadhaa kwa pamoja, ya wimbo wa kwanza tuliokuwa tunaujua wote. Piano ikatoka kama kawaida, lakini safari hii chini yake zikainuka violini, nyingi, kana kwamba kuna watu wamekaa uvunguni mwa meza. Kidole kimoja, sauti mbili kwa mpigo, moja imelala juu ya nyingine. Piano ikafifia upesi kama ilivyo desturi yake, zile violini zikabaki zimesimama hewani mpaka ulipoinua vidole. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tata akavua kofia akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Kumbe hata hao wanaotengeneza hivi vitu wanamjua Mungu," akasema.

Kuanzia siku hiyo ikawa sheria. Nyimbo ni piano peke yake. Mchungaji akisema "Tuombe", mimi niliyekuwa nakaa kwenye kigoda kushoto kwako nabonyeza DUA, nawe unapiga taratibu, kanisa linainamisha vichwa. Haikuchukua muda watu wakazoea kuinama hata kabla mchungaji hajafungua mdomo, alimradi wamesikia violini. Watoto wa darasa la Jumapili waliinama. Walevi waliokuwa wanapita barabarani walivua kofia. Watu wa Lufingo walikuja kwa miguu kuona kinanda chenye kitufe cha maombi, na bibi mmoja aliomba akiguse kwa sababu goti lilikuwa linamsumbua. Tata akamruhusu.

Ukisikia watu wanavyomsimulia tata sasa, utacheka. Wanasema mwalimu wa kwaya marehemu alikuwa mkali. Mkali ni pilipili. Tata alikuwa anapiga. Alikuwa na fimbo yake ya mti wa kahawa, ya kuhesabia mapigo ya wimbo, na ukikosea noti ilitua kwenye kiungo cha kidole kilichokosea, siyo kingine. Alikuwa na shabaha. Ulipiga nyimbo nzuri na vidole vimevimba kama ndizi za kuchoma, na waumini wakasema kijana ana kipaji. Mama alipigwa kwa chai iliyopoa. Mimi nilipigwa kwa kujibu, na kwa kuwa nilikuwa najibu kila siku, hesabu yake utaifanya mwenyewe. Ulikuwa unanipaka mafuta ya taa mgongoni huku unanisema. "We mtoto, mdomo wako utakuua." Nami nakujibu, "Nitakufa naongea."

Na kumbe mdomo uliposhikwa siku ya kuongea, ukashikwa kweli.

Kuna jioni moja tulibaki kanisani tunafunika kinanda. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na mitano. Ukaniambia kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa peke yetu, "Siku moja nitapiga wimbo mzima huku dua imewashwa. Wa furaha, wa makofi. Mwanzo mpaka mwisho." Nikakuuliza tata atakufanya nini. Ukasema, "Ndiyo maana nimesema siku moja." Neno hilo nililiweka moyoni. Nilikupenda, kaka. Kila mtu alikuwa anakuchukulia kitu, nami nikataka niwe mtu wa kukupa.

Ikaja sikukuu ya mavuno. Kanisa lilikuwa limejaa hadi milangoni, mikungu ya ndizi imepangwa mbele, magunia ya viazi, kuku wamefungwa miguu. Kwaya ya Lufingo ilikuja na majoho ya zambarau, ya Kiwira na meupe. Sisi tukaimba mwisho kama wenyeji, wimbo ule wa haraka ambao tata aliutunga mwenyewe na alikuwa akiuringia kuliko watoto wake. Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda, makofi, ngoma, akina mama wanapiga vigelegele. Nikakutazama, uso unang'aa kwa jasho. Ulipoingia ubeti wa tatu, nikanyoosha kidole nikabonyeza DUA.

Mimi. Siyo wewe. Soma tena, baba mdogo: mimi ndiye niliyebonyeza.

Kitaa kikawaka. Violini zikainuka katikati ya makofi, na kanisa zima likainama. Mzee wa ngoma aliganda mikono juu ya ngozi. Waimbaji wa sauti ya kwanza waliendelea nusu mstari peke yao, nao wakafumba macho. Mchungaji alikuwa kwenye ujia ameshika jogoo wa sadaka, akainamisha kichwa na jogoo akiwa mkononi, jogoo akawa ndiye pekee anayepiga kelele. Wazee wa mbele walipiga magoti. Na wageni wa Lufingo, ambao hawakuzoea mambo yetu, walitazamana, kisha wakaanza kucheka ndani ya leso zao, kisha nje ya leso.

Wewe ulinitazama. Ungeweza kuzima, kidole kilikuwa karibu. Hukuzima. Ulipiga ubeti ule mpaka mwisho, kanisa limeinama, na ulikuwa unatabasamu. Hadi leo ndio muziki mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia katika maisha yangu, na nitausikia mpaka nizikwe.

Tata alikuwa amesimama mbele, mkono wa kuongozea uko juu. Hakuushusha mpaka wa mwisho wa Lufingo aliponyamaza.

Baada ya ibada alifungua boliti za stendi ya kinanda kama desturi yake, akabeba ile miguu miwili ya chuma kwenda chumba cha nyuma, kule kwenye ngoma na majoho. Akatuita. Akafunga mlango. Alikuwa mtulivu, na utulivu wake sisi tulikuwa tunaujua.

"Nani amebonyeza dua katikati ya wimbo?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Mimi, tata," ukasema.

"Umemfanyia Mungu mzaha mbele ya wageni. Weka mkono mezani."

Ukaweka wa kulia. Nilidhani ni fimbo, nawe ulidhani ni fimbo. Alichukua mguu wa stendi. Pigo la kwanza nilisikia mlio wake kabla hujalia, mlio mkavu, wa kuni. La pili ulipiga magoti, mkono umebaki mezani kwa sababu alikuwa ameushika kifundo. La tatu ukasema, "Tata, basi. Basi, imetosha." Akainua kwa mara ya nne. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye kitabu cha nyimbo, na kidole chako cha kati kilikuwa kinatazama upande ambao kidole hakitazami.

Mguu wa pili wa stendi ulikuwa umeegemea ngoma. Nilikuwa na mikono iliyozoea ndoo na mikungu. Niliushika kwa mikono yote miwili, nikaja nyuma yake, nikampiga tata nyuma ya sikio la kushoto kwa nguvu zangu zote.

Sitapamba hapa. Nilifurahi. Alipoanguka, nilifurahi hivi kwamba niliinua chuma nimpige tena, na ningempiga, na huenda ningemuua. Wewe uliyekuwa umevunjwa ndiye uliyenyanyuka ukadaka chuma kwa mkono wa kushoto, ukaninyang'anya. Ndiyo maana walipovunja mlango walikukuta wewe umesimama na chuma mkononi, tata yuko sakafuni anavuja damu, na mimi nimebanwa kwenye kona ya majoho kama mtu aliyekuja kujificha mvua.

Baba mdogo Asegelile aliingia wa kwanza. "Nani amempiga kaka yangu?"

"Mimi," ukasema.

Mara ya pili siku hiyo. Neno lile lile, sauti ile ile.

Wakakukokota nje. Nilisikia kila kitu nikiwa bado kwenye kona. Walikupiga kwenye ngazi za kanisa, wanakwaya na majoho yao, kwa viatu vya Jumapili. Mtu alikupiga kwa mche wa mgomba uliokuwa umeletwa kama sadaka. Wageni walitazama. Ulijichomoa ukakata migombani kuelekea barabara ya Kiwira huku umekumbatia mkono kifuani, na watu wazima wakakufukuza kwa mawe mpaka kwenye mashamba ya chai. Mama ndiye aliyebaki ndani anamfuta tata damu kwa kitenge. Tata akafungua macho, akanitazama mimi. Hakutazama mlango wala dirisha. Alinitazama mimi muda mrefu, akajua. Kisha baba mdogo akarudi akihema, akamwambia, "Lusajo tumemtia adabu."

Tata akafumba macho akasema, "Vizuri."

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, kaka, na uliungwa na watu watatu: wewe kwa kusema, tata kwa kuitikia, na mimi kwa kunyamaza. Nilimwambia mama usiku ule ule ukweli wote. Alinishika kidevu. "Nyamaza, mwanangu. Lusajo ameshafika mbali. Wewe bado uko humu ndani." Nikanyamaza. Miaka kumi na miwili.

Wiki ile ile tata alinikalisha kwenye kinanda. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Ukitaka akusikie ilibidi uende upande wa pili. Hakunipiga tena, hata siku moja. Nilijibu nilivyotaka, nilichelewa nilivyotaka, niliunguza mboga nikaweka mezani, naye akala. Ila hakunipa mgongo wake tena. Wakati wa mazoezi alikuwa akiongoza kwaya ameegemea ukuta. Kula alikula ameegemea ukuta. Nikiingia chumbani ameinama anafunga viatu, alikuwa anainuka kwanza, ananitazama mikono, ndipo anaendelea. Watu wakasema mzee ametulia, utu uzima umemwingia. Siyo utu uzima. Alikuwa ananiogopa, na mimi nikawa nakula woga wake kama chakula, nashiba. Sikujua kwamba ninachokula ni jina lako.

Miaka miwili iliyopita kinanda kiligoma kuwaka. Nikakipeleka Tukuyu kwa Mzee Sadiki. Kazeeka, ndevu nyeupe pe, lakini mikono yake bado inajua kazi. Akakifungua, akapuliza vumbi, akachomelea waya, kikawaka. Akaniambia nijaribu. Nikabonyeza kitufe cha pembeni nikapiga kidogo.

"Hapo unapiga nini?" akauliza.

"Dua, mzee. Hiki ndicho kitufe cha dua."

Akanitazama kwanza aone kama namtania. "Dua? Binti yangu, dua sisi tunaomba hivi," akainua viganja vyake viwili vyenye mafuta ya mashine. Kisha akageuka rafuni akashusha kinanda kingine, cha aina ile ile, kipya zaidi, akakiweka mbele yangu na kugusa kitufe cha pembeni kwa ukucha. Herufi zilikuwa nne. D, U, A, L.

"Chako L imefutika. Mimi mwenyewe nilikinunua hivyo hivyo. Ni dual, maana yake mbili. Unachagua sauti ya kwanza, unachagua ya pili, zinatoka pamoja. Ukitaka piano na violini, sawa. Ukitaka filimbi na gitaa, sawa. Haina maombi wala nini." Akacheka kicheko kizuri cha mzee asiye na neno na mtu. "Nani aliwaambia dua?"

Nilikaa chini sakafuni dukani kwake, katikati ya redio mbovu, akadhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniletea chai.

Nilirudi nyumbani nikamkuta tata uani amekaa, ukuta nyuma yake. Nikaenda upande wa sikio zima. Nikamwambia taratibu, kila kitu, herufi kwa herufi. Nilitaka imuume. Nilitaka nione inavyoingia.

"Herufi moja?" akasema.

"Herufi moja, tata."

Aliitazama chai yake mpaka ikaganda utando. Akasema, "Usimwambie mtu." Kisha akainuka, akachukua panga, akaenda migombani, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi alipita mbele yangu akanipa mgongo. Akaanza kukata. Hakuchagua. Alikata migomba yenye mikungu michanga, alikata machipukizi, alikata ule mgomba wa mama wa ndizi za kuiva alioupanda alipoolewa. Maji ya migomba yalimrukia usoni na kifuani. Mama alipiga kelele, majirani wakaja, hakuna aliyethubutu kumshika. Alikata mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka na panga likawa linateleza kwa damu. Halafu akakaa juu ya yale magogo, akatazama mkono wake wa kulia, na hakutaja jina lako. Nilimsubiri ataje. Nilisimama pale mpaka mvua ikaanza. Hakutaja, na mimi sikutaja, na kitufe kikaendelea kuitwa cha dua.

Kifua kikamchukua, wewe ulisikia. Sijui nani alikupasha habari. Mazishi yalikuwa mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, kinanda kiko chini ya turubai kinatumia jenereta. Nilikuwa napiga, nikainua macho, nikakuona migombani. Ulikuwa umenenepa kidogo. Una mvi mbili tatu. Ulivua kofia kwa mkono wa kushoto.

Baba mdogo naye akakuona. Hakupandisha hata sauti. "Aliyemnyanyulia baba yake mkono hatupi udongo hapa."

"Nimekuja kumzika baba yangu tu, baba mdogo," ukasema. "Nikimaliza naondoka."

Bonge la kwanza la udongo alilirusha mtoto wa shangazi, na alilichota kwenye lundo la kaburi. Udongo uliokatazwa kuutupa, wao ndio waliokurushia. Wakafuata wengine. Ukapigwa kifuani, ukapigwa shingoni, ukasimama tu. Ndipo jiwe likakupata kwenye kipaji na damu ikakufumba jicho. Hukujikinga. Ungejikinga ingebidi utoe mkono ule mfukoni. Kijana mmoja aliyekuwa anafyeka vichaka pembeni ya kaburi akasogea na panga lake, nikaona lilivyoshikwa, halikushikwa kwa kufyekea.

Kidole changu kikabonyeza DUA.

Nikashika kodi moja kwa vidole vyote na sikuinua. Violini zikajaa migombani, na wote wakainama, kaka. Wote. Wazee, wanakwaya, kina mama waliobeba watoto. Vijana waliokuwa wanakurushia udongo waliinamisha vichwa na mabonge bado mikononi, maana ndivyo walivyofundishwa tangu wanabebwa mgongoni. Yule wa panga akainama, ncha ikatazama chini. Baba mdogo akainama. Tulibaki mimi na wewe tu tunaotazamana. Vidole viliniuma, nikakaza. Ukavaa kofia yako, ukageuka, ukaondoka kwa kutembea, hukukimbia, mpaka ulipopotea kwenye kona ya barabara. Ndipo nikaachia. Mtu akasema, "Amina."

Najua utasema niliokoa maisha yako. Usiniambie hivyo. Mikono ndiyo iliyokuwa na kazi, mdomo ulikuwa huru. Ningeweza kusema maneno matatu nikiwa pale pale kwenye kiti. Sikusema.

Jumatatu yake nilikwenda kwa baba mdogo nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipiga kofi likanipasua mdomo. "Gwe mwana, we mtoto, unataka kutuletea aibu ya pili? Mtoto wa kike ampige baba yake? Bora ibaki ilivyo." Kulikuwa na mchi pale pembeni ya kinu, karibu na mkono wangu wa kulia. Nikautazama. Naye akauona ninavyoutazama, akarudi nyuma hatua moja, na nikaona kwenye macho yake kitu kile kile nilichokuwa nakila kwa tata. Nikaiweka mikono mgongoni, nikaishikanisha, nikatoka hivyo hivyo mpaka njiani.

Sasa kwa wote mtakaosikia barua hii na kusema Tumpe anamtetea kaka yake: muulizeni baba mdogo. Yeye ni mmoja wa waliomwosha marehemu. Muulizeni kovu la tata liko wapi. Liko nyuma ya sikio la kushoto, linaelekea kisogoni. Lusajo alikuwa mbele yake, amepiga magoti, mkono wake umeshikwa mezani. Mtu aliyepiga magoti mbele yako anakupigaje kisogoni?

Na wewe, kaka, nakukasirikia pia, nikuambie tu. "Mimi" ya kwanza nakushukuru, ndaga fijo, ulinikinga na fimbo ukadhani ni fimbo. Lakini "mimi" ya pili nani alikutuma? Ulichukua kosa langu ukaenda nalo Tunduma au popote ulipo, ukaniachia nyumba, mama, kinanda, na mtu mzima anayenitazama mikono. Watu wakasikia makosa mawili yanatoka mahali pamoja wakadhani mpigaji ni mmoja, nami nikawaacha wadhani. Nisamehe. Siombi unisamehe kwa sababu muda umepita au kwa sababu tata ameshakufa. Naomba kwa sababu nilikosa, na nilijua ninakosa, kila Jumapili, nimekaa kwenye kiti chako.

L nimeirudisha. Nimeichora kwa rangi ya kucha, nyekundu, imekaa upande kidogo. Kigoda changu bado kipo, lakini nimekihamishia kulia. Dual ikiwashwa, kidole kimoja kinatoa sauti mbili, na mkono wako wa kushoto hakuna aliyeuvunja. Wewe utashika kushoto, mimi nitakupigia kulia. Wimbo mzima, wa makofi, mwanzo mpaka mwisho, na atakayeinama ainame. Mama anasema ukija upitie nyuma ya nyumba. Mimi nasema upite mlangoni.

Jumapili baba mdogo atakaa benchi la mbele kama kawaida yake. Nikimaliza kusoma nitamwomba asimame, aniulize tena mbele ya kanisa lile swali aliloliuliza chumba cha nyuma, nani amempiga kaka yake. Wewe hutakuwepo wa kunitangulia.

Mimi,
mdogo wako,
Tumpe